Siagi ya Kibuyuni

Mtoto wa mjini akiulizwa siagi ni kitu gani, mara nyingi ataonyesha kopo la Blue Band lililo mezani. Tusimcheke, maana hata watu wazima wengi husema hivyo hivyo. Lakini kitu kilichomo katika kopo lile si siagi; ni majarini, yaani mafuta ya mimea yaliyogandishwa na kutiwa rangi. Majarini ilibuniwa nchini Ufaransa mwaka 1869 na Hippolyte Mège-Mouriès, kwa sababu Kaisari Napoleon III alitafuta kitu cha bei ndogo cha kushika mahali pa siagi kwa askari na kwa maskini. Umri wake, basi, ni miaka mia moja na hamsini na kitu. Siagi yenyewe ni ya tangu zamani za kale, na katika nchi zetu za Maziwa Makuu, toka milima ya Kivu mpaka Rwanda, Burundi na Ankole, bibi zetu waliijua kabla hajafika mtu yeyote mwenye kopo. Si bure kwamba lugha yetu ina neno moja tu kwa maziwa ya samaki na maziwa ya ng'ombe.

Leo twataka kuieleza kazi hiyo ya kutoa siagi nyumbani, hatua kwa hatua, maana inazidi kusahauliwa. Na kusahauliwa kwake si jambo la kuwasikitisha wazee peke yao. Linagusa sahani ya mtoto, kama tutakavyoona.

Kwanza yafaa tufahamu siagi hutoka wapi. Maziwa ni maji, na ndani yake mmo sukari, chokaa ya kuimarisha mifupa, vitu vya kujenga mwili, na mafuta. Mafuta hayo hayakuyeyuka kama chumvi iyeyukavyo katika mchuzi. Yametawanyika, vitone vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila kitone kimevikwa ngozi yake nyembamba sana. Ngozi hiyo ndiyo inayovizuia visishikamane. Ukiyaacha maziwa yatulie, vitone hupanda juu polepole, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Ndipo tunapata malai. Lakini malai bado si siagi. Ili siagi ipatikane, hapana budi ngozi zile zipasuke, mafuta yaliyomo yagusane na kushikana. Kazi yote ya kibuyu ni hiyo: kuyapiga maziwa kwa maziwa yenyewe mpaka mafuta yajitenge.

Wakulima wa Ulaya walikuwa wakiengua malai kwa kijiko kipana, kisha wakayapiga malai peke yake katika pipa la mti. Mwaka 1878 Gustaf de Laval, mhandisi wa Sweden, alitengeneza mashine izungukayo kwa kasi ambayo hutenga malai na maziwa bila kungoja, na tangu siku hizo kazi ya siagi ikaanza kuhama kutoka jikoni kwenda kiwandani. Bibi zetu hawakuengua. Waliyaacha maziwa yote yachachuke na kuganda, wakayasukasuka yote pamoja. Wako watu wanaodhani kwamba njia hiyo ni ya kutojua. Sivyo. Katika nyumba isiyo na barafu, maziwa mabichi huharibika upesi, bali maziwa yaliyochachuka yamejilinda yenyewe kwa kiasi fulani: vijidudu vyema vimekwisha kula sehemu ya sukari na kuigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo huzuia wengi wa wale waharibifu wasistawi. Tena maziwa yaliyochachuka huachilia mafuta yake kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo mama asiyejua kusoma alipata kwa mazoea jambo ambalo wenye vitabu walilieleza baadaye sana.

Kazi huanza zizini. Kwa desturi ya wafugaji wa Rwanda na ya Wahima wa Ankole, kukamua kulikuwa kazi ya wanaume na vijana, mwanamke hakukamua. Lakini maziwa yakiisha kuvuka kizingiti cha nyumba, utawala wake ulikuwa wa mwanamke. Yeye ndiye aliyeamua yapi yanywewe leo, yapi yawekwe yagande, na yapi yaende kwa jirani mgonjwa. Ng'ombe alikuwa wa baba, lakini siagi ilikuwa ya mama. Msomaji alishike neno hili, tutalirudia.

Ng'ombe wa asili wa pande zetu, wale wenye pembe ndefu, hawana maziwa mengi. Hutoa litri chache tu kwa siku, na ndama ana haki yake kwanza. Hata hivyo maziwa yao ni mazito kwa mafuta kuliko ya ng'ombe wa Kizungu wa madoa meusi na meupe, waitwao Friesian, ambayo huwa na mafuta karibu 4 kwa mia. Rangi ya siagi nayo hutoka malishoni. Majani mabichi yana kitu cha manjano, kile kile kilichomo katika karoti. Ng'ombe hukipitisha katika mafuta ya maziwa yake, na ndiyo sababu siagi ya masika ni ya manjano kuliko ile ya kiangazi, wakati majani yamekauka. Mbuzi hakipitishi, hukigeuza kwanza mwilini mwake, na siagi ya mbuzi hutoka nyeupe. Mnunuzi asidhani, basi, kwamba siagi iliyopauka ni ya udanganyifu. Labda mvua imechelewa tu.

Sasa vyombo. Wanyarwanda hukamulia katika chombo cha mti kiitwacho icyansi, na watu wa Ankole hukiita ekyanzi. Kibuyu kikubwa cha kusukasukia huitwa igisabo kwa Kinyarwanda, ekisaabo kwa Kinyankole, na kazi yenyewe ni gucunda. Anayetaka kuona vyombo hivyo vilivyopangwa kwa heshima yake aende Nyanza, Rwanda, kwenye makumbusho ya jumba la mfalme. Nyuma ya nyumba kubwa ya nyasi iko nyumba ndogo ya maziwa, ambayo kwa desturi ilitunzwa na msichana asiyeolewa, na karibu nayo wanachungwa ng'ombe wa Inyambo wenye pembe ndefu kupita kiasi. Mfalme alikuwa na nyumba ya pombe pia. Lakini ile ya maziwa haikuguswa na mtu ovyo.

Usafi wa vyombo ndio nusu ya kazi. Baada ya kila siku ya siagi, kibuyu husuguliwa ndani kwa maji ya moto, hutikiswa, humwagwa, hutikiswa tena mpaka maji yatoke meupe kama yalivyoingia. Kisha hukaushwa juani mdomo ukielekea chini. Halafu hufukizwa: mama huwasha majani makavu yenye harufu nzuri, akauinamisha mdomo wa kibuyu juu ya moshi mpaka ujae ndani. Moshi hukausha unyevu uliojificha, na una vitu vyake vinavyozuia vijidudu na ukungu. Pia huyapa maziwa ile harufu ambayo mtu akiwa mbali na kwao huikumbuka kuliko ladha yenyewe. Wakalenjin wa Kenya wana njia iliyo karibu na hiyo: husugua ndani ya vibuyu vyao kwa makaa ya miti fulani, na maziwa yao mursik hutoka na rangi ya majivu.

Maziwa ya siku mbili au tatu hukusanywa pamoja yagande. Chini ya chombo huachwa kiasi cha maziwa ya zamani, ambayo ni mbegu. Maana maziwa yenye mbegu njema huganda vizuri, na yasiyo na mbegu hujiendea yapendapo. Hayo maziwa yaliyoganda ndiyo watu wa Bukavu wayaitayo mashanza. Yakiwa tayari yana uso laini unaong'aa, na yakimiminwa huanguka kwa mapande. Kama yametoa mapovu na harufu kali ya kuchoma pua, mbegu imeharibika; mama mwenye akili huyatupa, huosha chombo kwa maji yanayochemka, na huomba mbegu mpya kwa jirani.

Hapo ndipo kibuyu huingia kazini. Hakijazwi. Hutiwa maziwa mpaka karibu nusu, wala si zaidi sana, ili maziwa yapate mahali pa kuruka na kuanguka. Kibuyu kilichojaa ni kama mtu aliyefungwa mikono: utakitikisa mpaka jioni. Kisha huzibwa kwa nguvu. Mama huketi chini juu ya mkeka, amenyosha miguu, akakilaza kibuyu juu ya mapaja au juu ya ngata ya majani, na kukisukuma mbele na kukivuta nyuma, mbele na nyuma, kwa mwendo mmoja usio wa haraka. Baada ya dakika chache hufungua kidogo ili hewa itoke, maana maziwa yaliyochachuka hutoa hewa, na kibuyu kilichozibwa bila kupumua chaweza kurusha kizibo chake hata darini. Huzibua, huziba, huendelea.

Kwa muda mrefu huonekana kama hakuna kinachotokea. Sauti ndani ni nzito, kama ya matope yakipigwa na nyayo. Baadaye sauti hubadilika: huwa nyepesi, ya majimaji, na ndani yake chasikika kitu kikianguka kwa kishindo kidogo. Mkono nao hupata habari, kwa kuwa uzito hauko tena mahali pote sawasawa. Msichana anayejifunza huulizwa na mama yake mkubwa: "Binti yangu, kibuyu chasemaje?" Akijibu upesi kwamba kimekwisha, huambiwa aendelee. Akijibu kwamba hajui, pia huambiwa aendelee. Wengine hupenyeza unyasi mkavu mdomoni na kuutazama: ukitoka na punje za mafuta, siagi imezaliwa, ukitoka umepakwa weupe tu, bado.

Itachukua muda gani? Labda nusu saa, labda saa moja na nusu, na jambo linaloamua ni joto. Maziwa yakiwa ya moto mno, mafuta hulainika, siagi hutoka imelegea kama uji, na sehemu kubwa hubaki imefichama katika mtindi. Yakiwa ya baridi mno, mafuta huwa magumu na hayashikani. Kwa hiyo katika mabonde yenye joto kazi hufanywa alfajiri, na katika milima mirefu kama ya Masisi, ambako asubuhi ni ya baridi kweli, kibuyu husogezwa karibu na meko au huongezewa maji kidogo ya vuguvugu. Huko Ethiopia, ambako wanawake hutumia mtungi wa udongo, wataalamu wa mifugo walijaribu katika miaka ya 1980 kutia ndani ya mtungi pangaboi la mti la kuzungushwa kwa mkono, na muda wa kazi ukapungua sana, na siagi iliyopatikana ikaongezeka. Tunapenda habari hiyo, maana wataalamu wale hawakuudharau mtungi. Waliuongezea mkono.

Walimu wanaweza kuonyesha jambo hili darasani bila gharama. Sisi tulitia maziwa yaliyoganda katika chupa safi yenye mdomo mpana, nusu yake, tukaipitisha toka dawati hata dawati, kila mwanafunzi akiitikisa mara mia moja. Wale wa mstari wa mbele walichoka bure, nao walinung'unika. Waliokaa nyuma ndio walioona punje za manjano zikishika kwenye kioo, wakajigamba kana kwamba mikono yao peke yao ndiyo iliyoifanya kazi.

Punje zikisha kuonekana, mama hukitikisa kibuyu taratibu zaidi ili zikusanyike kuwa donge. Kisha mtindi humiminwa, na donge hutolewa na kutiwa katika bakuli la mti. Watu wengi wavivu hukomea hapo, na ndiyo sababu siagi yao hunuka baada ya siku tatu. Siagi haina budi kuoshwa. Hutiwa maji safi ya baridi, ikakandwa, maji yakamwagwa, yakatiwa mengine, mpaka yatoke maangavu, maana mtindi uliobaki ndani ndio chakula cha vijidudu vya kuioza. Baadaye hukandwa pasipo maji ili matone yatoke, na atakaye hutia chumvi. Siagi iliyotengenezwa vizuri ina mafuta yapata 80 kwa mia; yaliyosalia karibu yote ni maji.

Sasa watoto wa shule washike kalamu. Tuseme mama ana litri 10 za maziwa, na kila mia ina mafuta 4. Ndani yake mmo gramu 400 hivi za mafuta. Kibuyu hakitoi yote. Tuseme chatoa robo tatu, gramu 300. Kwa kuwa siagi si mafuta matupu, gramu hizo zatoa siagi ya gramu 375. Ni kidogo, mtu atasema: kazi ya saa nzima kwa donge lisilofika nusu kilo! Lakini aangalie kilichobaki. Umebaki mtindi litri 9 na zaidi, na ndani ya mtindi huo vimebaki karibu vyote vya kujenga mwili, zaidi ya gramu 300, pamoja na chokaa. Siagi imechukua mafuta tu, na vitamini zinazokaa katika mafuta.

Hapa ndipo lilipo jambo letu kubwa. Kibuyu huyagawa maziwa mafungu mawili: fungu la kuuzwa na fungu la kulisha. Mama aliweza kupeleka siagi sokoni, akanunua chumvi, sabuni na daftari, na bado jioni watoto wakanywa mtindi pamoja na ugali au viazi vitamu. Siku hizi katika vijiji vingi vilivyo karibu na barabara mchuuzi hupita asubuhi na pikipiki na bidoni zake. Huchukua maziwa yote, ya jana na ya leo, na hulipa taslimu. Hatuwalaumu wachuuzi, bila wao watoto wa miji wangekunywa nini? Wala hatusemi mkulima asiuze maziwa yake, maana karo ya shule hailipwi kwa mtindi. Lakini bidoni haigawi kama kibuyu. Ikiondoka imeondoka na mafuta na mwili pamoja, na mara nyingi fedha yake huingia mfukoni mwa baba, si mwa mama. Tumeona nyumba yenye ng'ombe watatu zizini na mtoto mwenye nywele nyekundu na miguu iliyovimba mlangoni. Wazee husema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Tutasemaje juu ya ng'ombe aliyezaa vizuri, na mwenye nyumba bado analala na njaa?

Njia ya katikati ipo, nayo si ngumu. Maziwa ya asubuhi yaende kwa mchuuzi, maziwa ya jioni yabaki kibuyuni. Baba na mama wapatane juu yake mbele ya watoto, siyo kwa kunung'unikiana jikoni. Na mama aachiwe fedha ya siagi kama alivyoachiwa bibi yake.

Liko jambo jingine ambalo hatuwezi kulipita, hata kama halitawapendeza wapenzi wa mila. Maziwa mabichi huweza kuleta ugonjwa. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kutupa mimba, uitwao na waganga bruselosi, huwapa watu homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Wengi huidhania malaria na kunywa dawa za malaria bure. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita katika maziwa. Kuchachuka hakutoshi kuviua vijidudu hivyo, na siagi ya maziwa mabichi huvibeba. Kati ya Wahima zamani kuchemsha maziwa kulikuwa mwiko, kwa kuwa waliamini kwamba huko ni kumdhuru ng'ombe mwenyewe, na hata leo tunasikia kwamba maziwa yaliyochemshwa hayatoi siagi. Yanatoa. Kinachokosekana ni mbegu, maana moto umeua vijidudu vyote, vibaya kwa vyema. Basi mama ayachemshe maziwa, ayaache yapoe mpaka kidole kivumilie bila shida, ndipo atie vijiko viwili vya mtindi mzuri uliotokana na maziwa yaliyochemshwa pia. Yataganda, naye atasukasuka kama kawaida. Mwenye kipima joto anaweza kuyaweka kwenye nyuzi 63 kwa nusu saa, nayo yatosha. Na ng'ombe aliyetupa mimba apelekewe mganga wa mifugo. Tena mwenye kumzalisha asimguse kwa mikono mitupu, maana ugonjwa hupita hapo pia.

Kadhalika mtoto mchanga. Katika sehemu za Ethiopia iko desturi ya kumlambisha siagi siku ya kuzaliwa kabla hajanyonya, na mahali pengine hupakwa kitovuni. Mambo hayo yaachwe. Miezi sita ya kwanza ni ya maziwa ya mama yake peke yake, na kitovu kibichi kibaki kikavu na safi.

Siagi ikikusudiwa kukaa muda mrefu, hugeuzwa kuwa samli. Hutiwa katika chungu juu ya moto mdogo, ikayeyuka, ikapiga kelele. Kelele hizo ni maji yanayotoka. Mama hungoja mpaka kelele zinyamaze, povu lipungue, na masira chini yaanze kupata rangi ya hudhurungi. Akichelewa kidogo tu yataungua na kuipa samli yote uchungu. Kisha huchuja. Kilo moja ya siagi huacha gramu 800 hivi za samli, ambayo ikiwekwa katika chombo kikavu chenye kifuniko hukaa miezi bila kuharibika. Watu wa Ankole wana chakula chao cha heshima kiitwacho eshabwe: siagi iliyokaa hupigwa pamoja na maji ya magadi au chumvi ya mwamba na maji baridi mpaka ibadilike na kuwa nyeupe, laini kama malai, nayo huliwa ikiwa baridi. Arusi ya Kinyankole isiyo na eshabwe, wageni hurudi kwao wakinong'ona.

Zamani siagi haikuliwa tu. Ilipakwa mwilini, ikichanganywa na majani ya harufu, na ngozi za kuvaa zililainishwa kwayo. Hayo yamepita, nasi hatuyalilii sana. Sabuni ni kitu kizuri.

Udanganyifu haukosi penye soko. Wako wanaokanda siagi pamoja na maji mengi, au ndizi iliyopondwa, au kiazi, ili donge liongezeke. Kuwatambua ni rahisi. Chukua kipande, kitie katika glasi, uiweke glasi ndani ya maji ya moto. Mafuta huyeyuka na kupanda juu, maangavu. Maji na uchafu hukaa chini. Kama sehemu ya chini ni kubwa kuliko moja ya tano, mwuzaji na ajibu.

Twawafikiria pia wale waliopoteza ng'ombe wenyewe. Tangu mwaka 1993 vita vimepita mara nyingi katika milima ya Masisi, makundi mazima ya ng'ombe yakaporwa au kuchinjwa, na familia zikakimbilia kambini pamoja na sufuria moja na mkeka. Msichana aliyekulia chini ya turubai hajaisikia sauti ya maziwa ikibadilika ndani ya kibuyu, na sauti hiyo haiandikiki kitabuni, hata sisi tukijaribu kuieleza hapa. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2006, mpango wa Girinka umewapa jamaa maskini ng'ombe mmoja mmoja, nao hutoa ndama wa kwanza jike kwa jirani. Nyumba nyingi zilizopokea ng'ombe zilikuwa hazina kibuyu, na bibi waliojua kazi wakawa na wanafunzi tena.

Wengi sasa husukasuka katika bidoni ya plastiki. Hatupendi, nasi tuna sababu. Plastiki hunywa harufu ya mafuta na haiiachi. Hukwaruzika ndani, na katika mikwaruzo uchafu hukaa mahali ambapo mkono haufiki. Wala huwezi kuifukiza. Asiye na kibuyu heri atafute ndoo ya bati ya maziwa yenye kifuniko, au apande mbegu ya mung'unye na kungoja.

Anayepanda, afanye hivi. Auache mung'unye ukomae kwenye shina lake mpaka ukonyo ukauke na ganda likigongwa litoe sauti ya mti. Aukate mdomo, autie maji, auache siku kadhaa nyama ya ndani ioze, kisha aikung'ute kwa fimbo na kokoto ndogo, akibadilisha maji kila siku. Halafu aonje maji yaliyolala ndani usiku kucha. Yakiwa machungu, sumu ya mung'unye bado imo. Atie mengine na kungoja. Maji yakitoka matamu kama yalivyochotwa, akaushe, afukize mara mbili, atie maziwa kidogo ya kuoshea na kuyamwaga. Ufa mdogo hushonwa kwa uzi wa mgomba na kuzibwa kwa nta ya nyuki, na kibuyu kilichoshonwa vizuri hutumika miaka mingi.